Baridi Kali, Theluji na Vichwa vya Habari: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila baridi inapoingia katika nchi za kaskazini, skrini hujaa ramani za zambarau, watangazaji husimama kwenye upepo wakishikilia kofia, na rafu za maduka hubaki tupu kabla hata theluji haijaanguka. Baadhi ya taharuki hiyo ina sababu. Nyingine ni kutia chumvi tu. Shida ni kwamba kelele na hatari haziendi pamoja: kinachopewa dakika kumi kwenye taarifa ya habari mara nyingi sicho kinachoua, na kinachoua hakina picha nzuri ya kuonyesha. Majibu haya ni kwa anayetaka kupambanua.

Kwa nini kila dhoruba inaitwa "ya kihistoria"?

Kwa sababu rekodi ni nyingi mno. Kituo kimoja cha hali ya hewa kina rekodi ya kila tarehe ya mwaka, kwa joto la juu, joto la chini, mvua na theluji. Chukua kituo chenye kumbukumbu za miaka 30. Hata kama tabianchi haibadiliki kabisa, uwezekano wa mwaka wa 31 kuvunja rekodi ya baridi ya tarehe fulani ni 1 kati ya 31. Msimu wa baridi una siku kama 90, kwa hiyo tarajia rekodi karibu tatu za tarehe kuvunjwa kila msimu, kituo hicho kimoja tu, bila jambo lolote la ajabu kutokea. Zidisha kwa maelfu ya vituo, mwandishi hatakosa kichwa cha habari hata siku moja.

Ukisoma neno "rekodi", uliza mambo matatu: ni rekodi ya nini, ya tangu lini, na ya eneo gani. Rekodi ya tarehe ni nyepesi. Rekodi ya mwezi ina uzito. Rekodi ya wakati wote katika kituo chenye kumbukumbu za miaka 100 ni habari kweli.

"Vorteksi ya ncha" ni dhoruba ya aina mpya?

Si mpya wala si dhoruba. Ni mkanda wa upepo mkali unaoizunguka ncha ya dunia kila majira ya baridi, juu sana, kuanzia kama kilomita 16 kwenda hadi 50 kutoka ardhini. Upo kila mwaka, na jina lenyewe lilichapishwa tangu karne ya 19. Umma uliusikia Januari 2014, baridi kali ilipoishukia Marekani na vyombo vya habari vikalikamata jina kana kwamba ni mnyama aliyetoroka.

Kinacholeta baridi ni kuyumba kwa mkanda huo. Wakati mwingine hewa ya tabaka la stratosfia juu ya ncha hupata joto ghafla kwa makumi ya nyuzi ndani ya siku chache, mkanda unadhoofika au kugawanyika, na wiki moja hadi kadhaa baadaye hewa ya Aktiki inapata njia ya kushuka kusini. Ndivyo ilivyokuwa Februari 2018 kabla ya baridi iliyoikumba Uingereza na Ulaya mwishoni mwa mwezi huo. Ila si kila kuyumba kunafika ardhini, na anayekuambia mtaa wako utaganda kwa sababu tu mkanda umegawanyika anaruka hatua kadhaa za hoja.

Na "kimbunga bomu"?

Hili, licha ya kishindo chake, lina kipimo. Fred Sanders na John Gyakum walilieleza katika makala ya kisayansi ya mwaka 1980: ni mfumo wa kimbunga ambao kanieneo (shinikizo la hewa) katikati yake inashuka angalau milibari 24 ndani ya saa 24, kikiwa kwenye latitudo ya nyuzi 60. Kadiri unavyoelekea ikweta kiwango kinapungua. Kwenye latitudo 45 kinatosha kushuka kama milibari 20. Mifumo ya namna hii hutokea mara nyingi kila mwaka, mingi ikiwa baharini ambako hakuna kamera. Jina linakueleza kasi ya kuongezeka nguvu. Halikuelezi theluji itakuwa kiasi gani mlangoni kwako.

Nani anazipa dhoruba za baridi majina?

Inategemea nchi. Uingereza na Ireland, idara rasmi za hali ya hewa zilianza kutoa majina kwa pamoja mwaka 2015, la kwanza likiwa Abigail mwezi Novemba, na Uholanzi ikajiunga mwaka 2019. Huko jina hutolewa kwa kuangalia madhara yanayotarajiwa. Marekani ni hadithi nyingine: majina ya dhoruba za theluji yalianzishwa mwaka 2012 na The Weather Channel, kituo cha televisheni, na Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa haiyatumii. Kwa hiyo kusikia dhoruba ya Marekani ina jina si ushahidi kwamba serikali imeiona kubwa.

Televisheni inasema "inahisi kama -30". Ndiyo joto lenyewe?

Hapana. Hiyo ni baridi ya upepo: hesabu ya jinsi ngozi tupu ya uso inavyopoteza joto upepo ukivuma. Marekani na Kanada zinatumia fomula moja tangu 2001. Ukiwa na joto la hewa T kwa nyuzi za Selsiasi na kasi ya upepo V kwa kilomita kwa saa, ni 13.12 + 0.6215T − 11.37V^0.16 + 0.3965TV^0.16. Mfano: hewa ya -10 na upepo wa kilomita 30 kwa saa inatoa karibu -20. Kichwa cha habari kitaandika -20, na maneno "inahisi kama" yatapotea njiani.

Tofauti hiyo ina maana kwa vitendo. Bomba la maji na injini ya gari havina ngozi. Upepo unavipoza haraka zaidi, lakini haviwezi kushuka chini ya joto la hewa. Hewa ikiwa nyuzi 2 juu ya sifuri na "inahisi kama -5", maji hayagandi. Kwa mwili wa binadamu, namba hiyo ni ya kuheshimiwa: ikifika kama -28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Funika masikio, pua na vidole kabla ya kufikiria koti la pili.

Jihadhari pia na ulinganisho wa miaka. Fomula ya zamani, iliyotokana na majaribio ya Siple na Passel huko Antaktika yaliyochapishwa mwaka 1945, ilikuwa inatoa namba za chini zaidi. Baridi ya upepo iliyoripotiwa miaka ya 1980 haiwekwi sambamba na ya leo bila kukokotolewa upya.

Na hakikisha kipimo. Vyombo vya Marekani vinatumia Farenihaiti: 20 yao ni karibu -7 ya Selsiasi, 0 yao ni karibu -18, na -20 yao ni karibu -29. Namba pekee isiyo na ugomvi ni -40, ambapo vipimo viwili vinakutana.

Kweli mji unaweza kuwa baridi kuliko Antaktika au Mars?

Kweli, na haina maana yoyote. Januari ni kiangazi huko Antaktika, na vituo vya pwani yake huwa karibu na sifuri. Kuwashinda si kazi.

Ya Mars ilivuma tarehe 31 Desemba 2013: Winnipeg, Kanada, ilikuwa -31 siku ambayo chombo cha Curiosity kilipima -29 huko Mars. Kilichoachwa nje ni kwamba hiyo -29 ilikuwa joto la juu la mchana, mahali palipo karibu na ikweta ya sayari hiyo. Usiku hapo hapo hushuka chini ya -70.

Nimeona ramani inayoonyesha sentimita 60 za theluji baada ya siku kumi. Niiamini?

Usiiamini, hata kama ramani yenyewe haikughushiwa. Ukielewa inakotoka, hutababaishwa tena na ramani za aina hiyo.

Modeli ya Marekani iitwayo GFS, yaani programu ya kompyuta ya utabiri, huendeshwa mara nne kwa siku na kutoa picha hadi siku 16 mbele. Kila mara inatoa matokeo tofauti kidogo ya siku za mwanzo, na tofauti kubwa ya siku za mwisho, kwa sababu kosa dogo katika vipimo vya leo hukua kila saa. Mtu anayetafuta wafuasi mtandaoni anakaa akisubiri. Matokeo ya saa 6 usiku hayana theluji: kimya. Ya saa 12 asubuhi yana sentimita 10: kimya. Ya saa 6 mchana yana 60: anapiga picha ya skrini na kuituma. Hajadanganya kuhusu ramani. Ameficha nyingine mbili.

Watabiri wenye ujuzi hawatumii mwendesho mmoja. Kituo cha Ulaya, ECMWF, huendesha utabiri wake mara 51 kwa wakati mmoja, kila mmoja ukianza na mabadiliko madogo. Kama 45 kati ya 51 zinaonyesha theluji, kuna jambo. Kama ni 4, ndiyo hiyo ramani uliyotumiwa. Kwa kipimo cha jumla, utabiri wa siku tano mbele ni sahihi kama mara 9 kati ya 10. Wa siku kumi ni karibu nusu kwa nusu.

Ukitumiwa ramani, tafuta vitu vinne juu yake: jina la modeli, saa na tarehe ilipoanza, saa na tarehe inayotabiriwa, na kipimo cha rangi. Kikikosekana kimoja, ifute. Kipimo cha rangi ndicho kinachochezewa zaidi, kwani zambarau iliyokoza inaweza kuwa sentimita 80 kwenye ramani moja na 15 kwenye nyingine.

Mbona hata utabiri wa kesho hukosea theluji?

Theluji ni ngumu kutabiri kuliko mvua. Mosi, mtabiri anaanza na kiasi cha maji, kisha anayageuza kuwa kina. Kwa kawaida inasemwa milimita 10 za maji ni sentimita 10 za theluji, lakini theluji nzito karibu na sifuri inaweza kutoa 5 tu, na ile kavu ya baridi kali ikatoa 20. Maji yale yale, kina mara nne. Pili, nyuzi moja ya joto katika tabaka la hewa lililo kama kilomita 1.5 juu inatosha kugeuza theluji kuwa mvua, au kuwa mvua inayoganda inapogusa ardhi. Tatu, ukingo wa dhoruba huwa mkali kama ukuta. Novemba 2022, mvuke wa Ziwa Erie ulimwaga karibu mita 2 za theluji huko Orchard Park, kusini mwa Buffalo, wakati maeneo ya kaskazini mwa Buffalo yalipata kidogo sana.

Mfano unaokumbukwa ni wa Januari 2015. New York iliambiwa ijiandae kwa sentimita 60 au zaidi, treni za chini ya ardhi zikafungwa kwa sababu ya theluji kwa mara ya kwanza katika historia yake, magari yakapigwa marufuku barabarani. Central Park, bustani kubwa ya mji huo, ilipata karibu sentimita 25. Mtabiri wa idara ya taifa, Gary Szatkowski, akaomba radhi hadharani. Lakini dhoruba haikuwa ya uongo: Boston ilipata zaidi ya sentimita 60, na upande wa mashariki wa Long Island hali ilikuwa hivyo hivyo. Ukingo wa magharibi wa theluji ulikaa makumi ya kilomita mashariki ya ulipotarajiwa, na ndani ya makumi hayo ya kilomita ndimo waliko mamilioni ya watu na makao makuu ya vyombo vya habari. Dhoruba ile ile ingekosea kwa umbali ule ule juu ya mashamba, hakuna ambaye angeomba radhi.

Idara za serikali nazo hutia chumvi?

Mara chache, na kwa nia tofauti na ya televisheni. Machi 2017 watabiri wa Marekani waliona, saa chache kabla ya dhoruba, kwamba New York City ingepata theluji pungufu ya ilivyotangazwa. Waliamua kutoshusha onyo kwa ghafla, wakihofia watu wangedhani hatari imekwisha. Central Park ilipata kama sentimita 19. Uamuzi huo ukajulikana na kukosolewa.

Hoja yao inaeleweka, lakini haikubaliki kirahisi. Anayefichiwa kwamba utabiri umebadilika, msimu ujao hataamini hata ule usiobadilika. Njia bora ni kutoa masafa: kiwango cha chini, kinachotarajiwa, na cha juu, pamoja na uwezekano wa kila kimoja. Idara nyingi sasa zinachapisha hivyo. Vyombo vya habari vinachukua cha juu, vinaweka neno "hadi" mbele yake, na vinaenda nacho. "Hadi sentimita 30" ni sentensi ambayo hata sentimita 2 haziivunji.

Tofauti ya maonyo ya rangi na viwango ni ipi?

Marekani kuna ngazi tatu za kuzijua, na zinaonekana kwenye simu kwa majina haya. *Winter Storm Watch* maana yake hali inaweza kutokea ndani ya siku moja hadi tatu: huu ni wakati wa kupanga. *Winter Weather Advisory* ni usumbufu unaotarajiwa: toka mapema, endesha polepole. *Winter Storm Warning* ni hatari inayotarajiwa au iliyokwisha kuanza: badili ratiba. Viwango vinatofautiana kwa eneo. Kaskazini mara nyingi ni sentimita 15 ndani ya saa 12. Kusini hata sentimita chache zinatosha. *Blizzard Warning* haihusu kina cha theluji kabisa: ni upepo wa kilomita 56 kwa saa au zaidi, na theluji inayopeperuka kuzuia kuona mbali zaidi ya mita 400, kwa angalau saa tatu.

Uingereza inatumia njano, kaharabu na nyekundu, na rangi inatokana na kuunganisha uwezekano na ukubwa wa madhara. Onyo la njano linaweza kuwa "hakika litatokea, litasumbua kidogo" au "huenda lisitokee, likitokea ni balaa". Magazeti huandika rangi tu. Fungua onyo lenyewe, utakuta jedwali dogo la miraba 16 lenye alama moja, lisome hilo.

Mbona mji mmoja unafungwa kwa sentimita 5 na mwingine unaendelea na 30? Si woga huo?

Si woga. Ni vifaa, matairi na aina ya barafu. Mji unaopata theluji mara mbili kwa mwaka hauwezi kununua mamia ya magari ya kusukuma theluji yakae miezi kumi na moja na nusu yakila kutu. Quebec, kwa sheria, matairi ya baridi ni lazima kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Kusini mwa Marekani karibu hakuna anayeyamiliki. Zaidi ya hayo, barafu iliyo karibu na sifuri ina utando wa maji juu yake na huteleza kuliko barafu ya -15. Mji wa baridi kali unaendesha juu ya theluji kavu iliyoshindiliwa. Mji wa kusini unaendesha juu ya kioo kilicholowa. Video za kuwacheka madereva wa kusini huwa zimepigwa na watu wasiojua hilo.

Kwa hiyo kufunga shule na ofisi mapema si kukurupuka?

Kinachoharibu zaidi ni kufunga kwa kuchelewa, wote kwa pamoja. Atlanta, tarehe 28 Januari 2014, ilipata sentimita 6 na nusu tu. Onyo lilipandishwa alfajiri, lakini siku ilianza kama kawaida. Theluji ilipoanza, shule, ofisi za serikali na kampuni ziliwaachia watu karibu saa ile ile. Barabara kuu zikajaa kabla ya chumvi kumwagwa, magari ya chumvi yakakwama kwenye foleni hiyo hiyo, theluji ikasagwa na matairi, ikayeyuka, ikaganda kuwa barafu. Watu walilala ndani ya magari, na maelfu ya wanafunzi wakalala shuleni. Vichekesho vya nchi nzima vikasema mji umeshindwa na sentimita sita. Ulishindwa na saa mbili za uamuzi.

Buffalo, mji uliozoea theluji kuliko karibu mwingine wowote mkubwa wa Marekani, ulipata somo linalofanana Desemba 2022. Marufuku ya kusafiri ilitangazwa asubuhi ya tarehe 23, wengi wakiwa tayari wametoka kwenda kazini. Zaidi ya watu 40 walikufa katika kaunti ya Erie, ulipo mji huo, wengine ndani ya magari na wengine nje wakitembea. Hakuna aliyeweza kusema hawakuonywa: utabiri ulikuwa sahihi siku kadhaa kabla.

Kwa nini watu hukimbilia mkate, maziwa na mayai, na ninunue nini badala yake?

Hukimbilia kwa sababu rafu inayopungua inamtisha hata asiyekuwa na haja. Picha ya rafu tupu ikirushwa hewani saa 12 jioni, saa 2 usiku kuna foleni. Kinachochekesha ni kwamba vyote vitatu ni vya mtu mwenye umeme: maziwa yanataka friji, mayai yanataka jiko, na mkate unaota ukungu. Dhoruba nyingi huwafungia watu ndani siku moja au mbili. Kwa hizo, chakula kilichomo ndani kinatosha nyumba nyingi.

Kinachofaa kujiandalia ni umeme kukatika kwa siku tatu:

- maji lita 4 kwa mtu kwa siku, yaani lita 48 kwa familia ya wanne;
- chakula cha kopo au kikavu kisichohitaji kupikwa, na kifungua kopo cha mkono;
- tochi na betri za akiba, pamoja na pawabenki iliyojaa;
- dawa za kila siku za angalau wiki moja;
- kifaa cha kugundua kaboni monoksaidi chenye betri mpya.

Nunua msimu unapoanza, si usiku wa onyo. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa huhifadhi chakula saa 4. Friza iliyojaa saa 48, iliyojaa nusu saa 24.

Ni nini hasa kinachoua?

Magari kwanza. Kati ya majeraha yanayotokana na barafu na theluji huko Marekani, kama asilimia 70 hutokea kwenye magari, mara nyingi katika dhoruba ndogo ambazo hakuna aliyezitangaza. Juu ya barafu umbali wa kusimama unaweza kufika mara kumi ya kawaida. Ukikwama, baki ndani ya gari. Ondoa theluji kwenye bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, iwashe kama dakika 10 kila saa, na fungua dirisha kidogo upande usio na upepo.

Pili ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka nyumbani, moshi wake ukielekea mbali na milango na madirisha. Banda la gari lenye mlango wazi si "nje". Jiko la mkaa au la gesi la kambini lisitumike kupasha chumba joto. Watu kadhaa ndani ya nyumba moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, tokeni wote nje kwanza, kisha piga simu ya dharura.

Tatu ni moyo. Njia ya gari ya mita 3 kwa 10 yenye theluji ya sentimita 20 imebeba kama kilo 600 ikiwa theluji ni ya kawaida, na tani 1.2 ikiwa nzito na mbichi. Mtu aliyekaa ofisini miezi mitatu anataka kuihamisha kwa beleshi kabla ya chai, hewa baridi ikibana mishipa yake ya damu. Sukuma badala ya kunyanyua, chota nusu beleshi, pumzika kila dakika 15, na maumivu ya kifua au mkono yakianza, acha na omba msaada.

Nne ni baridi ya ndani ya nyumba. Februari 2021 huko Texas, nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikosa umeme, na jimbo lilihesabu vifo 246, vingi kwa mwili kupoteza joto. Utabiri wa baridi ulikuwepo siku kadhaa kabla. Kilichoanguka ni mitambo ya umeme na mifumo ya gesi isiyoandaliwa kwa baridi, jambo lisilo na ramani ya zambarau. Umeme ukikatika, kusanyikeni chumba kimoja kidogo, zibeni mwanya wa chini ya mlango kwa taulo, vaeni nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito. Umeme ukirudi, hita iwe mita 1 kutoka kwenye pazia na kitanda, ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni.

Na ikiwa utabiri unataja mvua inayoganda, iogope kuliko theluji. Milimita 6 za barafu zinatosha kuvunja matawi na kukata nyaya. Januari 1998 mvua ya aina hiyo mashariki mwa Kanada iliwaacha mamilioni gizani, baadhi kwa wiki kadhaa.

Mabomba yanaanza kuwa hatarini lini?

Katika nyumba ambazo hazikujengwa kwa baridi, joto la nje likishuka chini ya kama -7 kwa saa kadhaa. Bomba halipasuki hasa pale barafu ilipo. Maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia 9 hivi, barafu inasukuma maji yaliyobaki kuelekea koki iliyofungwa, na shinikizo hilo ndilo linalopasua. Ndiyo maana kuacha koki ya mbali kabisa ikidondosha maji membamba kunasaidia: shinikizo linapata pa kutokea.

Fungua milango ya makabati ya sinki ili hewa ya joto iingie. Ukisafiri, usiache nyumba chini ya nyuzi 13. Jua valvu kuu ilipo kabla ya kuihitaji. Bomba likiganda, fungua koki, kisha pasha kwa mashine ya kukaushia nywele kuanzia upande wa koki kurudi nyuma. Usitumie moto.

Nimwage chumvi kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani: kikombe kimoja cha mililita 350 kinatosha njia ya gari ya mita 6. Ondoa theluji kwanza, kisha nyunyiza. Juu ya theluji nene chumvi inapotea bure. Chini ya kama -9 chumvi ya kawaida karibu haifanyi kazi, hapo tumia kloridi ya kalsiamu au mchanga wa kushikisha soli.

Theluji nyingi hivi, si inaonyesha dunia haipati joto?

Dhoruba moja haithibitishi wala haikanushi. Hewa ikiongezeka nyuzi 1 hubeba mvuke zaidi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo mahali ambapo bado pako chini ya sifuri, dunia yenye joto zaidi inaweza kumwaga theluji nyingi kwa mara moja, huku msimu wenyewe ukifupika. Jihadhari na pande zote mbili: anayekanusha kwa kuonyesha theluji, na anayeita kila theluji ushahidi.

Ndugu walio mbali wameona habari na wanapiga simu kila saa. Niwaambie nini?

Watumie onyo rasmi la eneo lako hasa, si la nchi. Taja joto la hewa, si baridi ya upepo. Kama umeme upo. Kama una safari. Na saa utakayowasiliana tena. Mkate wa habari ya "Marekani yaganda" unaweza kuwa umeokwa kwa picha za mji ulio kilomita 2,000 kutoka ulipo. Kabla ya kusambaza video yoyote ya theluji, angalia mambo yanayoonekana ndani yake: nambari za magari, lugha ya vibao, majani kwenye miti. Video za dhoruba za zamani hurudi kila msimu zikiwa na tarehe mpya. Kamera za barabara kuu zinazoendeshwa na mamlaka za usafiri ziko wazi kwa umma katika miji mingi. Dakika moja ya kuziangalia itakueleza hali ya lami kuliko saa nzima ya matangazo mubashara.